Tuzo ya mainjinia, wa Tanga tunaingia?

SWALI: Shikamoo mhariri, mi niko Ngamiani, nimeunda kimashine cha kusokota kamba za mkonge, mota nimetoa kwenye mashine mbovu ya kufulia, jamaa anasema Uingereza kuna akademi inawatuza mainjinia hadi wa huku, kweli au ananizuga?

JIBU: Marahaba. Kweli, ni Royal Academy of Engineering ya London, ipo tangu 1976, na tuzo yao ya Afrika ya kwanza kabisa, 2015, aliibeba Mtanzania, Dk. Askwar Hilonga wa Arusha, kwa chujio la maji, akapata pauni 25,000. Ila uhondo mi naona ni yale mafunzo kabla ya mshindi kutangazwa, unapigwa msasa wa biashara, unapewa wa kukushika mkono. Hiyo mota haichemki lakini? Isokotishe kutwa nzima kwanza, rekodi video, ndo uombe.