Mgeni Wako wa Studio Analipiwa na Nani?

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye redio za hapa Tabora, na ninyi mliokuja kwa mafunzo ya vitendo, kuna jambo ambalo vyuoni hupitiwa haraka chini ya somo la maadili, watu wakalijibu kwenye mtihani na kulisahau. Mtu akikaa mbele ya maiki yako kuzungumzia msitu, maji au mabadiliko ya tabianchi, msikilizaji ana haki ya kujua ni nani anayemlipa. Mgeni asiposema, useme wewe.

Hapa kwetu suala hili haliko mbali. Tumbaku ya mvuke inayolimwa Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui hukaushwa kwenye mabani kwa moto wa kuni, na kuni zimekuwa zikitoka kwenye misitu ileile ya miombo inayotupa asali na mninga. Tumbaku hiyohiyo inalipa ada za watoto, inaendesha AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, na kuiingizia halmashauri ushuru wa mazao. Ukitaka mtu wa mkoa huu azungumzie tumbaku na ukataji miti huku hana maslahi yoyote na zao hilo, utatafuta mpaka uchoke. Wala sikushauri umtafute. Hata kituo unachofanyia kazi huenda kinaishi kwa matangazo ya pembejeo. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza nani msafi. Uliza kama mkulima anayesikiliza akiwa Usoke anaujua uhusiano huo wakati anayapima maneno ya mgeni.

Wengi hudhani pesa za kampuni humfanya mtaalamu abadilishe kauli. Hutokea. Lakini kwa niliyoyaona katika kuandaa vipindi vya kilimo na mazingira, kazi yake kubwa ni kumfanya mtu apatikane. Chukua asubuhi ya kawaida: ni saa nne, unahitaji mgeni wa saa nane mchana. Ofisa misitu anakwambia hawezi kusema lolote bila kibali cha mkurugenzi. Mtafiti wa chuo anasahihisha mitihani. Mfugaji nyuki wa Sikonge, ambaye angekueleza vizuri kuliko wote kwa nini mizinga haijai kama zamani, hana nauli na simu yake imezimika chaji. Halafu kuna mchambuzi wa taasisi fulani ya maendeleo endelevu. Huyo simu anapokea ikiita mara moja, gari analo, Kiswahili chake kimenyooka, na maswali ya kumuuliza ameshakutumia kwa WhatsApp. Utamwita nani? Ukimwita yeye wiki hii na wiki ijayo, mwisho wa msimu wasikilizaji watamjua yeye kama ndiye mwenye mada ya misitu. Huenda hajasema uongo hata mmoja, na anayoyasema anayaamini kwa dhati. Ila sauti yake imelipiwa mafuta ya gari, na sauti nyingine zimebaki vijijini.

Mchezo huu una historia, na inasikitisha kwamba zao letu ndilo lililofungua shule. Tarehe 4 Januari 1954 kampuni za sigara za Marekani zilichapisha tamko katika magazeti zaidi ya 400 zikiahidi kugharamia utafiti kuhusu afya ya wavutaji. Miongo iliyofuata ilitumika kupandikiza shaka kuhusu madhara ya sigara, na wengi waliozisemea kampuni hizo walijitambulisha kwa majina ya vyuo na taasisi tu. Tunajua hayo kwa sababu ya kesi. Baada ya makubaliano ya mwaka 1998 kati ya kampuni hizo na majimbo ya Marekani, mamilioni ya kurasa za nyaraka za ndani yaliwekwa wazi, na leo yanahifadhiwa na Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Yeyote anaweza kuyasoma kwenye intaneti bila malipo. Tafuteni humo habari za International Tobacco Growers' Association, jumuiya ya wakulima wa tumbaku iliyoundwa mwaka 1984. Nyaraka zinaonyesha kwamba kuelekea mwisho wa miaka hiyo ya themanini kampuni zilipanga kuigharamia na kuielekeza, ili ikazungumze mbele ya Shirika la Afya Duniani (WHO) na lile la chakula na kilimo, FAO, kama sauti ya mkulima wa nchi maskini.

Hapo msinielewe vibaya. Mkulima wa Kaliua ana madai ya kweli kuhusu bei, madaraja ya ubora wa tumbaku na madeni ya pembejeo, na lazima apate wa kumsemea. Ila anayesikia kwamba "wakulima wamepinga" ajue pia ni nani aliyelipia ukumbi na tiketi za ndege. Mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, unazitaka serikali katika ibara ya 5.3 zilinde sera zao za afya dhidi ya maslahi ya sekta hiyo, na ibara ya 18 inagusa moja kwa moja mazingira katika kilimo chake. Mtangazaji wa Tabora asiyezijua ibara hizo mbili akazisome wikiendi hii.

Upande wa tabianchi mfano unaofundisha zaidi ni wa Willie Soon, aliyekuwa mtafiti kwenye kituo cha fizikia ya anga cha Harvard na Smithsonian. Kwa miaka mingi alinukuliwa akisema joto la dunia linatokana zaidi na jua kuliko moshi wa mafuta na makaa ya mawe. Februari 2015 zilitoka nyaraka zilizoonyesha kwamba kwa takriban miaka kumi alikuwa amepata zaidi ya dola milioni 1.2 kutoka sekta ya mafuta, makaa ya mawe na umeme, wakiwemo ExxonMobil na Southern Company, na kwamba makala zake za kisayansi zisizopungua 11 tangu 2008 hazikutaja mgongano huo wa maslahi. Katika barua kwa wafadhili, makala hizo ziliorodheshwa kama vitu vya kukabidhiwa, kama vile fundi anavyokabidhi kabati. Yeye alikana kwamba pesa ziliathiri utafiti wake. Zingatieni namna habari hiyo ilivyopatikana: hakuna aliyemrekodi kwa siri. Watu waliandika barua ya kuomba nyaraka kwa kutumia sheria ya uhuru wa habari.

Kuna kisa kingine kifupi ambacho kitawafaa mnapotunga maswali. Michael Fumento alikuwa mwandishi wa safu za magazeti na mtetezi wa mazao yaliyobadilishwa vinasaba. Januari 2006 shirika la habari la Scripps Howard liliacha kusambaza safu yake baada ya kubainika kwamba Monsanto, kampuni aliyoisifia, ilikuwa imetoa dola 60,000 mwaka 1999 kwa ajili ya kitabu chake. Pesa zilipitia Hudson Institute, taasisi aliyokuwa akifanyia kazi. Ukimuuliza mtu wa namna hiyo "je, kampuni imekulipa?", anaweza kukujibu hapana na asiwe amedanganya sana.

Ndiyo maana swali liwe na mikono mirefu. Mimi huliuliza siku ya mwaliko, si dakika tano kabla ya kwenda hewani: "Daktari, tutawaeleza wasikilizaji kazi zako zinagharamiwa na nani. Je, katika miaka mitatu iliyopita kuna kampuni, chama au shirika lenye maslahi kwenye mada hii ambalo limekulipa wewe, au taasisi yako, au safari zako, au utafiti wako?" Liulize kwa sauti yako ya kila siku, bila kuomba radhi. Wengi hujibu bila tatizo. Wengine hufurahi kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza. Akija juu na kusema unamtuhumu, mjibu kwamba unamuuliza kila mgeni, na hakikisha kweli unamuuliza kila mgeni.

Majibu mengine hayahitaji hata swali. Ukialikwa kwenye uzinduzi wa upandaji miti mvua zinapoanza, ukapewa fulana na kofia, utaletewa fomu ya mahudhurio usaini ndipo upewe nauli. Waandishi wachanga husaini wakiangalia safu ya kiasi. Soma kichwa cha fomu. Mara nyingi bango la jukwaani limeandikwa jina la taasisi ya wananchi, ila fomu, kwa kuwa mhasibu hana muda wa kuficha, imebeba jina la anayetoa pesa na namba ya mradi. Vivyo hivyo kwa makala inayokufikia na jina la mtaalamu juu yake: fungua sifa za faili kwenye kompyuta uone jina la aliyeiandika kwanza. Kama ni la wakala wa mawasiliano wa Dar es Salaam, piga simu uulize. Usiruke hapo kwenda kwenye hitimisho, kwa sababu huenda wakala alipanga herufi tu.

Kampuni utaitafuta BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Shirika lisilo la kiserikali lina msajili wake, na kanuni za mwaka 2018 zinayataka mashirika hayo yatangaze hadharani vyanzo vya fedha zinazozidi shilingi milioni 20. Ofisi ya umma iandikie barua kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayoipa siku 30 kukujibu. Barua ipigwe muhuri wa kupokelewa, na nakala ubaki nayo.

Na mkipewa "mtaalamu huru" aliyefanya tathmini ya athari kwa mazingira, kumbukeni utaratibu wetu ulivyo chini ya sheria ya mazingira ya 2004: mshauri elekezi analipwa na mwenye mradi, kisha NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndiyo inayoipitia ripoti. Hakuna kilichofichwa hapo, ni sheria. Lakini neno "huru" lisitoke kinywani mwako bila maelezo hayo.

Hewani sema mara moja, kwa sentensi kavu: "Mgeni wetu anaongoza taasisi ambayo mwaka huu imepata ufadhili wa kampuni inayonunua tumbaku." Kisha endelea. Maneno kama kibaraka, au kwamba amenunuliwa, achia vijiwe vya kahawa, kwani Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ina sehemu nzima ya kashfa na kituo chako hakina wakili wa kuchezea. Isitoshe, kutaja mfadhili hakujajibu hoja. Mgeni akisema kampuni imepanda miti mingi, usimkatishe kwa kumkumbusha nani anamlipa. Muulize imepandwa kijiji gani, ni ya aina gani, na baada ya kiangazi cha pili imebaki mingapi. Kama ni mikaratusi, muulize kama ndiyo inayoingia kwenye bani au mkulima bado anafuata mti wa asili porini. Nimewahi kusikia mazungumzo mazuri kabisa yakianzia kwenye swali hilo la kiangazi cha pili, na aliyelijibu kwa ukweli alikuwa bwana shamba wa kampuni yenyewe.

Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, ndilo litakalowapima zaidi, maana linapita Nzega na Igunga. Bunge la Ulaya lilipotoa azimio la kulikosoa Septemba 2022, kila upande uliuita mwingine uliotumwa. Nanyi ulizeni kila upande. Shirika linalopinga linapata fedha kutoka nchi gani, na kwa mradi gani? Anayetetea analipwa na nani? TotalEnergies ina asilimia 62 ya hisa, na TPDC, shirika letu la mafuta ambalo ni mali ya umma, ina 15, kwa hiyo hata ofisa wa serikali anayelichambua anazungumzia biashara ambayo mwajiri wake ana hisa. Msikilizaji hashindwi kubeba taarifa zote hizo kwa pamoja. Wanaoshindwa mara nyingi ni wahariri, wanaoogopa simu ya mdhamini.

Hapo nimegusa kwetu wenyewe. Bahasha ya nauli ukiipokea kutoka kwa mwenye habari, basi na wewe ni mchambuzi anayelipiwa, tena kwa bei ya chini. Na kipindi kikiwa cha kudhaminiwa, kitangazwe hivyo mwanzoni na baada ya kila mapumziko, kwa sababu watu hufungua redio katikati. Meneja wa masoko atalalamika. Mwonyeshe Kanuni za Maadili za Baraza la Habari, kisha mwachie mhariri wako wamalizane.

Na mgeni akikataa kabisa mfadhili wake asitajwe? Mshukuru, mwambie leo hatutakuwa naye, na umpigie mtu wa akiba. Mimi siku zote huwa na yule mfugaji nyuki. Mtumieni vocha tangu jana yake, na hiyo iingizwe kwenye gharama za kituo, isiitwe posho. Mwambieni pia apande juu ya kichuguu saa nane kasorobo, maana kwao mtandao haukamati pengine popote.