Maswali ya Wasomaji: Sauti nne zinapogombana

SWALI: Shikamooni. Niko kidato cha pili, Songea, na ninaimba sauti ya tatu kwaya ya parokiani. Nimetunga wimbo. Sauti ya kwanza inapendeza, lakini nikiongeza ya pili, ya tatu na besi, zinagombana. Kinanda sina. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Inaelekea umeandika kutoka juu kwenda chini, besi ikapewa makombo. Geuza mpangilio: ukishapata sauti ya kwanza, andika besi, maana ndiyo inayoamua sauti za kati ziwe zipi.

Tumia kodi (nota tatu zinazoimbwa kwa pamoja) tatu tu kwa sasa: d m s, f l d na s t r. Nota zote saba (do, re, mi, fa, so, la, ti, kwa kifupi d r m f s l t) zimo humo. Chagua kodi, besi ipe nota ya msingi (d, f au s), kisha jaza katikati. Kwa kuwa nota ni tatu na sauti ni nne, rudia ile ya msingi. Usirudie t: inavutwa mno kwenda d, na sauti mbili zikivutwa pamoja, zote zitaishia mahali pamoja. Mfano, do ikiwa nota ya D ya kinanda:

Ya kwanza: d t d
Ya pili: m r m
Ya tatu: s s s
Besi: d s d (s ya chini)

Angalia sauti ya tatu haijasogea kabisa. Nota iliyomo katika kodi zote mbili ibaki palepale, na nyingine za juu zisogee hatua moja. Sauti za kati zinazorukaruka ndizo zinazowapoteza waimbaji hata kama kodi ni sahihi.

Kosa jingine ni sauti mbili kutembea sambamba kwa umbali wa tano au wa nane (ukihesabu nota kutoka moja hadi nyingine, zote mbili zikiwemo), mfano besi d–r huku ya kwanza ikienda s–l. Zinayeyukiana, na wimbo wa sauti nne unasikika kama wa tatu. Ila sheria hii ni ya tenzi za Kizungu. Wagogo wa Dodoma huimba sambamba kwa umbali wa nne na wa tano, na muziki wao haupungukiwi kitu. Amua kwanza unatunga kwa mtindo upi, ndipo usahihishe.

Halafu maneno, na hapa ndipo nyimbo nyingi za kwaya huharibika. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na hiyo ndiyo iangukie pigo zito. Katika "nyumba" mkazo uko kwenye nyu. Katika "nyumbani" umehamia mba. Kwa hiyo ubeti wa pili ukiubandika tu kwenye sauti ya ubeti wa kwanza, maneno yatapinda. Tiba ni ndogo: weka nota fupi kabla ya pigo zito, ibebe silabi isiyokazwa. Soma kila mstari kwa sauti ukipiga makofi kabla ya kuandika nota.

Kuhusu kinanda, programu ya bure ya simu inatosha. Jirekodi ukiimba besi, kisha imba ya kwanza juu yake. Endelea hivyo kwa kila jozi. Sauti nne zina jozi sita. Jozi inayokera ikiwa peke yake ndiyo yenye kosa.

SWALI: Nijifunze nota za mistari mitano, au d r m zinatosha?

JIBU: Kwa kwaya, d r m zinatosha na zinasomeka haraka, ndiyo maana mfumo huu, uliokuzwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19, ulienea sana makanisani. Utasumbuka wimbo ukibadili ufunguo (yaani do ikihama) mara kwa mara, au ukitaka kumwandikia mpiga tarumbeta. Jifunze vyote viwili kwa kunakili: kila siku chukua mstari mmoja wa wimbo unaoujua kwa moyo, uhamishie kwenye mistari mitano. Anza na do ikiwa C, usiguse ufunguo mwingine mpaka uandike bila kuhesabu mistari kwa kidole.