Eko mbili za mama, namba mbili tofauti, tumwamini nani?

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 61, ana presha siku nyingi. Mwezi wa pili alipimwa eko, ile ultrasaundi ya moyo, hospitali moja wakaandika EF 55%, juzi kapimwa kwingine wakaandika 47%. Dawa anakunywa vizuri na ngazi anapanda mwenyewe. Ndugu wanasema moyo umeshuka tumpeleke India. Mashine ya wapi ndo mbovu? Binti wa Tanga.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na mama. Hayo ya India yawekeni pembeni kwanza. Inawezekana kabisa hakuna mashine mbovu na moyo wenyewe haujabadilika.

EF ni asilimia ya damu ambayo chumba kikubwa cha kushoto kinaitoa kila moyo ukidunda. Haifiki 100 hata kwa mtu mwenye afya, nasema hivi maana wengi wakiona 55 wanaona kama maksi za mtihani. Kwa viwango vya 2015 vya vyama vya wataalamu wa eko vya Marekani na Ulaya, kawaida ya mwanamke ni 54 mpaka 74, mwanaume 52 mpaka 72. Kwahiyo 55 ya mama ni ya kawaida na 47 iko chini kidogo, ila mtu yuleyule akipimwa na watu wawili namba inaweza kupishana pointi 5 mpaka 10 kwa sababu ya upimaji tu.

Sasa inapishana vipi? Njia inayopendekezwa ni kuchora ukingo wa ndani wa chumba kikiwa kimejaa na kikiwa kimeminywa, kwenye picha mbili zinazopigwa kutokea kwenye ncha ya moyo, halafu mashine inakigawa kama slesi za mkate na kujumlisha. Wengine wanakadiria kwa macho, wengine bado wanapima kwa mstari mmoja tu, njia ambayo viwango hivyohivyo vya 2015 vilishasema isitumike tena kutafuta EF. Halafu kuna hili ambalo wagonjwa hawaambiwi, kile kifaa cha kupimia kinachowekwa kifuani kikikaa pembeni kidogo ya ncha, chumba kinaonekana kifupi na mara nyingi EF inatoka kubwa kuliko ilivyo. Yaani hiyo 55 mnayoipenda inaweza ikawa ndo yenye kasoro! Na presha je, siku ya pili ilikuwa ngapi? Ikiwa juu sana moyo unasukuma kwa shida na EF inaweza kushuka, ndo maana ripoti nzuri inaandika presha, urefu, uzito na mapigo ya siku hiyo. Kama mapigo yanarukaruka bila mpangilio inatakiwa wachukue wastani wa mapigo kama 5, sio moja.

Kwahiyo mwanangu nenda kote kuwili uombe picha zenyewe, zile zinazotembea, kwenye CD au flashi, karatasi peke yake haitoshi. Daktari mmoja wa moyo azione zote kwa pamoja. Zikirudiwa, zirudiwe sehemu moja na mashine ileile.

Hapa naomba nisisitize, mama mwenye presha miaka mingi EF pekee haimtoshi. Ukuta wa moyo umenenepa? Chumba kinalegea vizuri kupokea damu? EF inaweza kuwa 60 na mtu anahema kwa sababu chumba kimekakamaa. Ripoti ya mistari miwili inayosema moyo uko sawa bila kugusa hayo, irudisheni mkaulize. Dawa asiache, na akianza kuvimba miguu au kushindwa kulala bila mito mingi msisubiri miadi, nendeni siku hiyohiyo.

SWALI: Dokta, walikuja shuleni na kamashine kadogo ka mkononi wakasema valvu ya mwanangu inavuja kidogo. Ana miaka 11, kilo 34, na anacheza mpira. Nipuuze? Mama wa Mbale, Uganda.

JIBU: Usipuuze dada, ila usimfungie ndani. Kuvuja kidogo kunaonekana hata kwa watoto wenye afya kabisa. Vigezo vya Shirikisho la Moyo Duniani vya 2023 vinasema kwa mtoto wa kilo 30 na zaidi, damu inayorudi kwenye valvu ya kushoto kati ya vyumba viwili ianze kutiliwa shaka ikifika urefu wa sentimita 2, chini ya kilo 30 ni sentimita 1.5. Kile kimashine ni cha kuchuja tu, athibitishwe kwa eko kamili. Tunalifuatilia hili kwa sababu mafindofindo yasiyotibiwa yanaweza kuja kuharibu valvu, na hukohuko kwenu Uganda, mjini Gulu, utafiti wa watoto 818 wenye dalili za mwanzo za uharibifu huo, uliochapishwa 2022, ulionyesha waliochomwa penisilini kila wiki 4 kwa miaka 2 walizidiwa asilimia 0.8 tu, wasiochomwa asilimia 8.2. Eko ikithibitisha, muulize daktari kuhusu hiyo sindano siku hiyohiyo.