Dawa ya kichanga iandikiwe saa ya uamuzi tangu sindano ya kwanza

Watoto wengi wanaochomwa antibiotiki katika siku zao za kwanza hawana maambukizi ya bakteria. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto wachanga, na bado nazianza dawa hizo mara kwa mara, kwa sababu mbele ya kichanga anayeguna na kuhema haraka haraka, macho peke yake hayawezi kuniambia kama ni bakteria au ni maji ya mapafu ambayo hayajakauka tangu azaliwe. Dalili zinafanana mno. Na yule mwenye maambukizi kweli anaweza kuzidiwa ndani ya saa chache tu. Kwa hiyo simshauri mtu acheleweshe dozi ya kwanza kwa mtoto anayeumwa. Ushauri wangu unahusu yanayofanyika kabla ya dozi hiyo na saa zinazoifuata, maana huko ndiko mtoto mzima anakojikuta akichomwa sindano siku saba.

Naanza na damu ya kuotesha, yaani ile inayopelekwa maabara kuangaliwa kama bakteria wataota. Ichukuliwe kabla ya dawa kuingia mwilini, na iwe angalau mililita moja. Nimeona mara nyingi matone machache yakikamuliwa kwa huruma, kwa kuwa mtoto ni mdogo na analia. Huruma hiyo inamgharimu yeye mwenyewe. Chupa ikipata damu kidogo, bakteria wanaweza kukosekana ndani yake hata kama wapo mwilini, na kila mtu wodini analijua hilo. Majibu yakirudi kwamba hakuna kilichoota, hakuna anayeyaamini, na daktari asiyeyaamini majibu huendeleza dawa. Ngozi nayo ipakwe dawa ya kuua vijidudu, iachwe ikauke yenyewe, na mshipa uwe mpya. Ukiharakisha, wataota bakteria wa ngozi, na mtoto atatibiwa ugonjwa asiokuwa nao.

Bakteria wanaowashambulia vichanga kwa ukali, wengi wao huota ndani ya saa 24 hadi 36. Ndiyo sababu mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unaelekeza kufikiria kusimamisha dawa katika saa ya 36, endapo hakuna kilichoota, shaka ya mwanzo haikuwa kubwa, mtoto yuko vizuri na kipimo cha CRP, protini ya damu inayopanda mwili unapopambana na maambukizi au maumivu, kinatuliza moyo. Lakini saa 36 haziheshimu ratiba ya raundi. Zikiangukia usiku wa manane, dozi inayofuata huchomwa kwa mazoea, asubuhi nayo daktari mpya anakuta mtoto yuko kwenye dawa na anaogopa kuwa yeye ndiye aliyezikata. Nikichanganya dozi ya kwanza, siku hizi naandika palepale kwenye karatasi ya dawa tarehe na saa ya uamuzi wa kuendelea au kusimamisha, na wakati wa kukabidhiana zamu naitaja kwa sauti. Mtu mmoja apewe jukumu la kupiga simu maabara. Bila jina la mtu, simu haipigwi.

CRP inatuchanganya sana. Huchukua saa kadhaa kupanda baada ya maambukizi kuanza, kwa hiyo kipimo kizuri cha saa ya kuzaliwa hakimsafishi mtoto. Tena hupanda hata baada ya uchungu mgumu, au mtoto anapovuta kinyesi chake mapafuni. Vipimo viwili vya chini, vilivyopishana siku moja hivi, ndivyo vyenye uzito wa kusaidia kusimamisha. Kumwendeleza dawa mtoto anayenyonya vizuri na hana dalili yoyote, eti kwa sababu namba moja imepanda kidogo, ni kuitibu karatasi.

Kuna pia mtoto anayeonekana mzima kabisa, ila mama yake alipata homa wakati wa uchungu, au chupa ya uzazi ilipasuka muda mrefu kabla ya kujifungua. Kwa watoto waliozaliwa mimba ikiwa na wiki 34 na kuendelea, Kaiser Permanente, mtandao wa hospitali wa Marekani, ilitengeneza kikokotoo kinachounganisha historia ya mama na hali ya mtoto ili kukadiria hatari ya maambukizi. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2017, waliopewa antibiotiki ndani ya saa 24 za kwanza walishuka kutoka asilimia 5.0 hadi 2.6, bila madhara kuongezeka. Ila kikokotoo hakimwangalii mtoto. Pumzi, joto, rangi na unyonyaji vikaguliwe kila baada ya saa chache na viandikwe. Mahali ambapo muuguzi mmoja ana vichanga wengi kupita uwezo wake, simlaumu anayechagua kutoa dawa.

Dawa isiyohitajika si zawadi. Huvuruga bakteria wema wa utumbo wanaoanza tu kukaa. Gentamisini, moja ya antibiotiki hizi, inaweza kuumiza figo na masikio. Na kwa njiti wadogo sana, siku nyingi za dawa huku damu haijaotesha kitu zimehusishwa na kuoza kwa utumbo na vifo. Usugu nao hukaa wodini ukimsubiri mtoto anayefuata.

Mama au baba unayesoma haya, usikatae dawa, na usiidai. Uliza: damu imechukuliwa? Majibu yanatoka lini? Uamuzi utafanyika saa ngapi? Daktari akisimamisha, hajamtelekeza mwanao. Mkirudi nyumbani, usimpe dawa ya maji iliyobaki ya kaka yake. Mchunguze. Akiacha kunyonya, akipata degedege, kifua kikibonyea ndani anapopumua, pumzi zikifika 60 au zaidi kwa dakika, joto likifika 38 au likishuka chini ya 35.5, au akawa hasogei mpaka aguswe, mrudishe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na hata kama dawa zilisimamishwa jana yake.