Unataka paka wa Siam hapa Mtwara? Jiulize kwanza nani anashinda nyumbani

Watu wakipita kwangu hapa Shangani wakimuona Mamu kakaa dirishani na yale macho ya bluu, swali ni moja tu, dada huyo paka unauza shingapi. Anaishije hakuna anayeuliza. Na hapo ndo kwenye ishu, maana huyu paka akikosa anachotaka hakai kimya, atamwambia kila mtu mpaka mwisho wa mtaa.

Tuanze na huo mdomo. Paka wetu wa kawaida analia akiwa na njaa au akitaka mlango ufunguliwe, basi, lakini paka wa Siam anaongea: unaingia anakupokea kwa maneno, unapika anakusimulia, uko chooni anakuita nje ya mlango, na sauti yenyewe nzito inakwaruza, usiku utaapa ni mtoto mchanga analia. Jirani yangu mmoja alishawahi kutuma mtu asubuhi kuulizia kwa Mamu kuna mtoto gani anaumwa lol. Halafu ongeza na hili, gizani ukimmulika tochi macho yake hayang'ai kijani kama ya paka wengine, yanang'aa mekundu. Sio jini jamani. Macho ya bluu hayana rangi ya kutosha huko ndani nyuma, kwa hiyo mwanga unarudi na wekundu wa mishipa ya damu. Ila mtaani kwetu unajua watu watasema nini, so waambie majirani mapema, waite wamuone mchana, na usiku alale ndani. Paka anayeogopwa anapigwa mawe.

Kubwa kuliko yote ni upweke. Kama nyumba yenu wote mnatoka alfajiri mnarudi magharibi, au msimu wa korosho mnahamia shamba mnamwachia jirani ufunguo awe anamwekea chakula, nakwambia tu ukweli huyu sio paka wenu, chukueni wa kawaida atawashukuru. Wa Siam anajishikiza kwa mtu, anamfata chumba hadi chumba, akiachwa peke yake siku nzima anaanza kujilamba mpaka manyoya yanaisha sehemu moja, au anakula nguo. Ndio, anakula nguo, hii ni tabia inayojulikana sana kwenye ukoo huu, kunyonya na kutafuna vitambaa hasa vya sufu, na huku kwetu sweta hakuna basi anahamia kwenye soksi, pindo la khanga, chandarua. Nyuzi zikiingia tumboni zinaweza kukunja utumbo. Ukiona anatapika, hali chakula, hapati choo, kimbia kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na ukiona uzi unaning'inia mdomoni au huko nyuma USIUVUTE, unaweza kumchana ndani. Kinga yake ni mtu wa kucheza naye, au mchukue na mwenzake, wawili wanapunguziana stresi.

Rangi sasa. Wanazaliwa karibu weupe kabisa, giza linakuja baadaye usoni, masikioni, miguuni na mkiani. Sababu ni kwamba kile kinachotengeneza rangi mwilini mwao kinazimwa na joto, kinafanya kazi sehemu za baridi tu, ndo maana tumbo na mgongo vinabaki krimu. Kwa hiyo paka wa Siam aliyekulia pwani kwetu huku anaelekea kuwa mweupe kuliko angekulia kwenye baridi la Makete, na wakizeeka wote rangi inakolea. Mamu alipofungwa uzazi wakamnyoa ubavuni, manyoya yakaota meusi kiraka kizima, mdogo wangu akawa anataka tumpake mafuta. Wala, ngozi ilipoa tu baada ya kunyolewa, yakipukutika yanaota mengine ya rangi ya zamani.

Kwenye kununua ndo watu wanalizwa. Paka yeyote wa krimu mwenye macho ya bluu anaitwa wa Siam, na wengine wanakuonyesha mkia uliopinda kama ushahidi, wakati mkia uliopinda na makengeza vilikuwepo kwa wale wa zamani na wafugaji wamehangaika kuviondoa. Hawa asili yao Thailand, na toka Mwingereza Edward Gould alipowabeba wawili kutoka Bangkok mwaka 1884, na chama chao kikaanzishwa Uingereza 1901, ukoo unaandikwa kwenye vitabu. Kama hana karatasi basi lipa bei ya paka mzuri, usilipe bei ya ukoo. Na usijidanganye utamkutanisha na dume la mtaani upate biashara, ile rangi inatakiwa itoke kwa baba na mama wote, dume la kawaida kwa kawaida atakupa paka wa kawaida tupu.

Joto letu halimsumbui, manyoya mafupi, hana yale ya chini mazito, unampitishia mkono wenye maji mara moja kwa wiki inatosha. Chakula ndo tuongee. Watu wa Feri tunaamini paka ni samaki tu, ila samaki wabichi wa aina nyingi kila siku wanaharibu vitamini B1 mwilini mwake, na ng'onda wa chumvi ndo kabisa hapana. Mchemshie bila chumvi wala kitunguu (kitunguu kinaua damu yake), toa miiba, changanya na kuku au maini kidogo, na ule mchuzi mpe pia. Ugali mtupu hamna kitu pale, paka anatakiwa nyama. Mchunguze fizi pia, hawa meno yanawasumbua mapema, harufu mbaya mdomoni sio kawaida.

Panadol usimpe hata kipande, inaua paka. Dawa za kupe za mbwa zenye permethrin nazo hivyohivyo, soma kopo kwanza.

Jike wa Siam anawahi sana, miezi minne mitano anaweza kuanza kutafuta dume, na kama unadhani siku za kawaida ana kelele subiri hizo. Mfungishe uzazi mapema. Siku hiyo muulizie na chanjo ya kichaa cha mbwa, paka nao wanaugua, na karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, ulizia ofisi ya mifugo, sehemu nyingi wanachanja bure. Mpeleke kwenye kikapu kinachofungwa, sio kwenye khanga juu ya bodaboda.