Mleta uzi, usiipandishe hiyo video kabla hujajua anayelia ni nani

Usiipandishe. Hiyo video unayosema umeshaihariri na unasubiri jioni watu wawe wengi mtandaoni, iache hapo hapo kwenye simu. Nimesoma uzi wako na nimesoma wadau wanaokuambia "piga kazi mkuu, moto uko juu sasa hivi, ukichelewa wenzio wanavuna". Hao hao ndio watakaokuwa wa kwanza kupiga skrini shoti.

Kwa wanaoingia sasa hivi: mleta uzi anauza mafuta ya nywele anayotengeneza mwenyewe, yupo Mbagala, na anataka kutumia ile sauti inayozunguka TikTok ya mwanamke anayelia "imeondoka yote jamani, imeondoka yote". Kwenye video yake kuna dada anachana nywele, kitana kinajaa, sauti inalia, halafu inatokea chupa na namba ya simu. Ameuliza aweke TikTok au Instagram, aposti saa ngapi, amlipe staa au asimlipe, na kama kununua wafuasi kunasaidia. Hajauliza popote yule mwanamke ni nani na ni nini kilichoondoka. Inaweza kuwa maigizo. Inaweza pia kuwa nyumba iliyobebwa na maji, na mtoto akiwa ndani.

Mimi nauza pilipili ya chupa. Pilipili mbuzi, ndimu, kitunguu swaumu, napikia Tabata, nembo ya TBS ninayo. Ukurasa wangu wa Instagram ulikuwa unatembea polepole lakini unatembea: picha ya chupa, picha ya mishikaki, mtu anauliza bei, namwambia bei hapo hapo (sio "njoo inboksi", ugonjwa wa taifa huo). Wauza chipsi walikuwa wananijua. Nilikuwa na mawakala mikoani. Kisha nikakutana na watu wa "ejensi".

Ejensi yenyewe ni vijana watatu, kompyuta mpakato mbili na jina refu la Kizungu. Sitaitaja, wasije wakapata wateja kwa mgongo wangu. Walikuja na slaidi. Kila ejensi mjini hapa ina slaidi ya bundi wa Duolingo, ile programu ya kujifunza lugha. Walinionyesha jinsi Februari 2025 kampuni ilivyotangaza kwamba bundi wao amekufa, na makampuni mengine makubwa yakaja kutoa pole kwa utani, dunia nzima ikacheka. Kwetu bundi akitua kwenye bati watu wanasoma dua, wenzetu anawauzia bidhaa. Nikaelewa somo: kampuni ikiwa na utani, watu wanaipenda. Sehemu ambayo haikuwepo kwenye slaidi ni kwamba miezi michache baadaye, Mei 2025, kampuni hiyo hiyo ilizomewa kwenye komenti zake yenyewe baada ya bosi kutangaza kwamba wataweka akili unde (AI) mbele, mpaka wakafuta posti zao TikTok na Instagram. Watu wale wale waliokuwa wanamlilia bundi. Lakini mimi nilikuwa nimeshalipa milioni moja na laki nane ya mwezi wa kwanza.

Wakati huo kulikuwa na sauti inazunguka: mwanamke analia, "jamani kumeungua kote". Sekunde chache tu. Watu walikuwa wanaitumia kwa mshahara ulioisha tarehe tano, kwa matokeo ya mtihani, kwa timu iliyopigwa tatu bila. Kijana wa ejensi akaniambia, "Bosi, pilipili inaunguza, sauti inasema kumeungua. Hii Mungu mwenyewe amekuletea." Namkumbuka alivyolisema hilo huku anakula chipsi zangu.

Hapa kulikuwa na geti moja na tulilibomoa wenyewe. Akaunti yangu ya TikTok ilikuwa ya biashara, na akaunti ya biashara haipewi kila sauti. Unapewa maktaba ya sauti zilizoruhusiwa kwa matangazo. Ile ya "kumeungua" haikuwemo. Kijana akasema hilo ni jambo dogo, akaibadilisha akaunti ikawa ya mtu binafsi, sauti ikapatikana. Sikujiuliza kwa nini TikTok wanambana mfanyabiashara na kumwachia mtu wa kawaida. Nyie mnaoweka nyimbo za Bongo Fleva kwenye matangazo ya maduka yenu kwa njia hiyo hiyo, siku mwenye wimbo akienda COSOTA, wale wa hakimiliki, mtakuja kufungua uzi wenu hapa.

Tukapiga video kwenye banda la chipsi. Mpishi anachovya mshikaki, anatafuna, macho yanajaa machozi, anajipepea ulimi kwa kifuniko cha ndoo, sauti inaingia: jamani kumeungua kote. Nilicheka mpaka nikamtumia mke wangu. Akajibu swali moja tu: "Huyu anayelia ni nani?" Nikamwambia ni trendi. Akanyamaza, na mimi nikadhani amekubali.

Kisha tukailipia isambae. Hapa naomba usome polepole, maana ndipo hela yangu ilipozama. Ukilipia tangazo unachagua linakoenda. Tukachagua mikoa niliyokuwa na mawakala. Mmoja wa mikoa hiyo ndio uliokuwa na soko lililoungua. Yule mama alikuwa anauza vyombo na madera pale, kibanda chake kiliteketea usiku pamoja na mzigo alioukopea, mtu akamrekodi asubuhi amesimama kwenye majivu, mwingine akakata sauti akaiweka kwenye ukurasa wa vichekesho. Kwa hiyo mimi, kwa pesa yangu halali, nililipia waliounguliwa waione video ya mtu anajipepea ulimi kwa kilio cha mwenzao, na namba yangu ya lipa chini yake.

Komenti za kwanza zilikuwa vicheko. Mchana ikaingia moja: "Huyu ni mama wa soko letu. Mpaka leo anadaiwa. Wewe unamuuzia pilipili." Chini yake nyingine, na nyingine. Nikaona watu wananiita mimi, sio wale maelfu waliotania mshahara. Nilikasirika, nikasema mbona wote wameitumia? Leo najua jibu. Anayetania mshahara wake hamuuzii mtu kitu. Mimi nilikuwa nimeingia msibani na kreti ya soda nikaanza kuita bei.

Ningeifuta saa ile na kuomba radhi kwa jina langu, nadhani ningechanika kidogo tu. Lakini nilikuwa na wataalamu! Wataalamu wakaanza kufuta komenti. Wakazuia watu. Wakaweka kichujio: komenti yoyote yenye neno "soko", "mama" au "moto" isionekane. Jamani, mimi nauza pilipili. Wateja wangu wote wanaandika "moto"! Mtu anasifia "hii kitu ni moto" anafichwa, mtu anatukana kwa maneno mengine anabaki. Ukurasa ukabaki na matusi yaliyochujwa vizuri. Na kila komenti iliyofutwa ilikuwa imeshapigwa skrini shoti, ikahamia kwenye magrupu ya WhatsApp, na huko huna kitufe cha kufuta.

Halafu wakaandika taarifa bila kunionyesha. Naikumbuka yote: "Tunaomba radhi endapo kuna aliyekwazika. Endelea kufurahia ladha ya kweli!" Mwishoni wakaweka kialama cha moto. Cha moto! Nilikuwa kwenye daladala nikaiona, nikashuka kituo ambacho sio changu.

Wakala wangu wa mkoa ule alinipigia jioni. Hakugomba, na ningependa angegomba. Akasema, "Kaka, njoo uchukue mzigo wako. Nikiuweka mezani wananiuliza kama na mimi nacheka." Katoni zikarudishwa kwa basi. Chupa zingine zilipasuka kwenye buti, zikamwagikia begi la abiria, konda akanidai hela ya kufulia. Mtu wa kwanza kupona mafua kwa bidhaa yangu ni yule abiria. Nacheka sasa. Siku ile nililipa hela ya kufua huku napiga hesabu ya kodi ya jiko.

Nilimtafuta mwenyekiti wa soko lile kwa simu, nikajieleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hela ukitaka kuleta lete, kamera acha nyumbani." Nikawaambia ejensi, na najua hamtaniamini: wakaniuliza kama wanaweza kuja na simu moja tu, wapige kwa mbali. Hapo ndipo tulipoachana, na hela ya mwezi wa pili waliyonidai waliidai sana.

Usifikiri ni sisi wadogo tu. Septemba 2014 Marekani, baada ya kusambaa video ya mchezaji akimpiga mchumba wake ndani ya lifti, wanawake walianza kueleza kwenye Twitter kwa nini walibaki na wanaume waliokuwa wanawapiga, kwa alama #WhyIStayed. DiGiorno, kampuni ya pizza, ikaona alama inatrendi, ikadandia: nilibaki kwa sababu ulikuwa na pizza. Wakafuta ndani ya dakika chache, wakakiri kwamba hawakusoma alama ile inahusu nini kabla ya kuposti, kisha wakakaa wanawaomba radhi watu mmoja mmoja. Mmoja mmoja, bila kichujio. Kampuni kubwa yenye watu wa kulipwa kwa kazi hiyo, na bado kilichokosekana ni mtu wa kusoma posti chache za juu.

Kwa hiyo sheria yangu ni hii na siibadilishi hata aje nani: kama hujamjua mwenye sauti, huitumii kuuza kitu. Fungua video, bonyeza kile kisahani kinachozunguka kona ya chini kulia. Utaletewa ukurasa wa sauti na video zote zilizoitumia. Ile ya asili mara nyingi inakaa mwanzoni, lakini usiridhike hapo. Ya kwangu ilionyesha ule ukurasa wa vichekesho, kwa sababu wao ndio walioipakia upya. Ingia kwenye komenti. Pita za kucheka, tafuta ile moja inayogombana na wenzake. Nilipokuja kutafuta baadaye niliikuta, ilikuwa hata haijajificha: "mnacheka, huyu mama namjua." Ilikuwepo kabla sijapiga video. Kisha chukua maneno ya sauti uyatafute Facebook, maana huko ndiko watu wa mikoani wanakoposti habari zao zikiwa nzima kabla hazijakatwa. Sikiliza lafudhi, muulize mtu wa huko. Usipompata mwenyewe, achana nayo. Na ukimpata akiwa mchekeshaji aliyeigiza, mwombe, wengi wanakubali kwa bei ambayo utaimudu.

Mimi siku hizi natumia sauti za wateja wangu. Kuna muuza mishikaki mmoja Segerea, akionja anapiga mluzi halafu anasema "hii inataka mtu mwenye bima". Nikamwomba, akakubali, nampa chupa kila mwezi. Haijavuma taifa zima. Ila watu wa Segerea wanakuja kwenye komenti kumtania yeye, wanatajana, wanaulizana anauzia kona gani, na chupa zinaondoka.

Staa: usimlipe kwanza. Wafuasi wa kununua: unanunua namba, mafuta yako hayapakwi na namba. Kulikuwa na swali jingine sijui la muda, sikumbuki.

Tupia hapa kiungo cha hiyo sauti. Nafunga katoni za Morogoro mpaka saa nne usiku, nikimaliza nitakaa niisikilize na nishuke nayo komenti kwa komenti. Na kama kuna mdau anamjua huyo mwanamke wa "imeondoka yote", aseme kabla jamaa hajalipia.