Cassoulet bila nyama: hangaikia mchuzi, soseji achana nazo

Naishi Toulouse, kusini mwa Ufaransa, mwaka wa nne sasa, na hapa ukialikwa kwa watu msimu wa baridi jua kuna siku utaikuta cassoulet mezani. Ni maharage meupe yaliyopikwa taratibu na bata, soseji na ngozi ya nguruwe, chungu kinatoka kwenye oveni juu kimeshika ukoko wa kahawia. Mimi nguruwe sili na mwenzangu ninayekaa naye hali nyama yoyote, basi miaka miwili ya kwanza tulikuwa tunakula mkate na saladi wenzetu wanachota. Ile harufu jamani iliniuma kweli, maana mimi mtoto wa Tanga, maharage ya nazi ndo nimekulia.

Nikaamua kupika ya kwetu. Mara ya kwanza nikanunua soseji za soya nikazitumbukiza toka mwanzo, baada ya masaa mawili zimelowa kama sponji na mchuzi mwepesi hauna ladha. Nikamwonjesha bibi jirani, mama wa miaka sabini na kitu, kwao upande wa Castelnaudary, mji unaojiita makao makuu ya cassoulet, akaniuliza, hizi soseji zinafanya kazi gani humu ndani?

Hilo swali ndo lilinifungua. Nyama humo ina kazi tatu, mafuta ya bata yanalainisha, ngozi ya nguruwe inayeyuka mpaka mchuzi unanata midomoni, soseji inatia chumvi na utamu wa kukaangwa. Usitafute kitu kinachofanana na nyama kwa sura, tafuta vitu vitakavyozifanya hizo kazi.

Sasa mimi nafanya hivi. Nusu kilo ya maharage meupe makavu, ya watu sita, naloweka usiku kucha, asubuhi nayachemsha dakika kumi namwaga maji, naanza upya na maji safi, karoti, punje tano za kitunguu saumu, thaimu, na kitunguu maji kimoja kizima nimekichomeka karafuu tatu. Ndio, karafuu, Wafaransa wanafanya hivyo siku zote, siku ya kwanza kuona nilifurahi kama nimekutana na mtu wa Pemba! Nyanya usitie hapa hata kidogo, ule uchachu unafanya maharage yagome kuiva, subiri yalainike kwanza, kama saa moja hivi.

Wakati yanachemka nakaanga uyoga, gramu 400, kwenye kikaango kikavu bila mafuta mpaka maji yote yakauke na ukingoni uanze kuwa kahawia kabisa, hapo ndo natia mafuta, kijiko cha sosi ya soya na paprika ya moshi. Usiwe na haraka hapa, uyoga mweupe uliolegea hausaidii kitu. Kwenye kikaango hichohicho vitunguu maji viwili na nyanya ya kopo vijiko viwili.

Kazi ya ile ngozi anaifanya harage mwenyewe. Nachota bakuli moja la yaliyoiva, naponda na vitunguu saumu vilivyochemka humo na mafuta ya zeituni, narudisha sufuriani, mchuzi unashika palepale. Na mafuta usiyaonee huruma, vijiko vikubwa sita mimi natia, ukibana utakula maharage ya kuchemsha.

Vyote kwenye chungu chenye mdomo mpana, supu ifunike maharage tu, oveni nyuzi 150 kwa masaa mawili na nusu. Wenyewe Castelnaudary hawatii chenga za mkate, mafuta na ile ngozi vinatengeneza ukoko vyenyewe, ila sisi hatuna hiyo ngozi kwa hiyo chenga lazima, changanya na mafuta na kitunguu saumu. Kila ukoko ukishika uvunje kwa mgongo wa kijiko uuzamishe, mapokeo yanasema mara saba, mimi mara tatu nne naona inatosha, supu ikipungua ongeza ya moto.

Kuna watakaokwambia hiyo sio cassoulet. Mimi nawajibu kwa upole kwamba wenyewe hawajakubaliana, mji wa Carcassonne wanatia kondoo na hata kwale, Toulouse soseji yao, na ile hadithi kwamba cassoulet ilizaliwa Castelnaudary ilipozingirwa na Waingereza mwaka 1355, watu wakakusanya kila walichonacho chunguni, haiwezi kuwa ya maharage haya, maana haya yametoka Amerika na Columbus alivuka 1492. Kama ni kweli walipika, walipika fava, yale maharage mapana ya Ulaya. Yaani hata harage lenyewe limebadilishwa.

Pika siku moja kabla ya wageni. Kesho yake likipashwa moto taratibu na kikombe cha maji linakuwa tamu zaidi, na bibi jirani sasa anakuja na bakuli lake mwenyewe.